Chakula cha Usiku Hakipikwi Usiku

Saa mbili kasoro dakika chache usiku, mwaka 2013, daladala ya Posta–Kimara imesimama Ubungo kama iliyotia nanga. Mkono wangu mmoja umeshika bomba, wa pili umekumbatia mkoba, na kisogoni kuna mtu anayepumua karanga. Pale mataa trafiki amezipa taa mgongo, anaita magari ya barabara ya Mandela kwa mkono, na sisi tunamtazama kama watu wanaotazama mpira wa timu zisizowahusu. Barabara ya Morogoro ilikuwa imechimbwa kupisha njia za mabasi yaendayo haraka, na vumbi lake lilitufuata mpaka kitandani. Simu ikatetemeka. Mwanangu wa kwanza ameazima simu ya dada wa nyumbani: "Mama leo tunakula nini".

Hakuweka hata alama ya kuuliza. Swali lilikuwa limeshageuka salamu.

Nikajibu kama nilivyojibu jana yake na juzi yake: "Nakuja."

Muuza chipsi wa pale kituoni Temboni alikuwa ananijua kuliko shangazi zangu wanavyonijua. Akiniona nashuka alivunja mayai bila kuulizwa. Zege mbili, kavu moja, mishkaki sita, kachumbari ya kabichi, na ile tomato ya chupa iliyokuwa nyekundu kuliko nyanya yoyote niliyowahi kuiona shambani. Vyote vikaingia kwenye mfuko mweusi wa rambo, mvuke ukaulainisha, nami nikapanda kilima cha mtaa wetu huku mafuta yakinichoma kidole. Mlangoni watoto walipiga makofi, na hapo ndipo palipokuwa na mtego wenyewe. Chakula kilichonitia aibu ndicho kilichonifanya nionekane mama mwema.

Msomaji ataniuliza: na dada wa nyumbani je? Angepika, lakini apike nini? Ndani mlikuwa na unga, mafuta na chumvi. Mboga nilikuwa nayo mimi, kichwani, niliyokusudia kuipitia gengeni nikirudi, na nikirudi genge lilikuwa limeshafungwa. Katika miaka ile nilibadilisha wasichana watatu, na kila aliyeondoka nilimsema kwamba hajui kazi. Leo naona haya. Nilikuwa nikiwataka wafanye kwa mshahara mdogo jambo ambalo mimi mwenyewe, na elimu yangu, lilikuwa limenishinda.

Mimi ni mhasibu, kwa hiyo nilihesabu. Nilitoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri, nikarudi saa mbili na nusu usiku. Hizo ni saa 15. Saa 9 zilikuwa za mwajiri, naye alizilipia. Saa 6 zilikuwa za barabara, na barabara haikuwahi kunilipa kitu.

* * *

Julai 2014 tuliwapeleka watoto Maonyesho ya Sabasaba, kule barabara ya Kilwa. Tulikuwa tumefuata bembea na aiskrimu. Kwenye banda moja walikuwa wanapima afya bure, na mume wangu, kwa kuwa foleni ilikuwa fupi na kiti kilikuwa kivulini, akakaa. Muuguzi akamfunga mkono, akasoma, akanyamaza, akamfunga tena. 160 kwa 100.

"Baba, mezani unaongeza chumvi mbichi?"

Mume wangu hakujibu. Aligeuka akanitazama mimi, kana kwamba chumvi ilikuwa ndugu yangu niliyemleta nyumbani bila kumwambia.

Mizani nayo ilinisema mimi kwa sauti. Muuguzi akatuonyesha picha ukutani, ile ya makundi matano ya vyakula: nafaka, mizizi na ndizi; kunde, nyama, samaki na mayai; mboga za majani; matunda; mafuta na sukari. Niliitazama nikiwa na chipsi zangu akilini. Zilijaza kundi la kwanza na la mwisho, mayai yakichungulia kidogo kwenye la pili. Mboga yetu ilikuwa ile kabichi ya kachumbari. Akatuambia chumvi isizidi gramu 5 kwa mtu mzima kwa siku, kijiko kimoja cha chai kisichojazwa, ukihesabu na iliyomo ndani ya mkate. Tukatoka pale kimya. Aiskrimu tulinunua, kwa kuwa ahadi ni deni, lakini mume wangu alilamba yake kama mtu anayesaini hati.

Wiki iliyofuata alikwenda kliniki, akapewa dawa na ushauri. Mimi nikajipa kazi ya ratiba.

Niliiandaa kama ninavyoandaa bajeti ya ofisi. Kompyuta, mistari saba, safu nne, rangi tatu. Nikaichapa na kuibandika kwenye friji kwa sumaku. Jumatatu dona, samaki wa kuoka na kisamvu cha karanga. Jumanne ndizi za kuchemsha, nyama isiyo na mafuta na mchicha. Jumatano maharage mekundu na wali. Alhamisi sitaitaja, maana hatukuwahi kuifikia.

Niliiandika Jumapili alasiri, nikiwa nimelala usingizi wa mchana na kuamka na chai ya tangawizi. Aliyeandika alikuwa mwanamke aliyepumzika. Aliyetakiwa kutekeleza alikuwa yule aliyesimama Ubungo saa mbili usiku na mtu anayepumua karanga kisogoni. Hawakuwa mtu mmoja, na wa kwanza hakumtaka shauri wa pili.

Jumatatu ile nilinunua kisamvu kibichi, majani mazima, nikitaka kufanya mambo yaliyonyooka. Kisamvu hakina haraka. Majani ya muhogo yana sumu yake ya asili, inayotoka kwa kutwangwa sawasawa na kuchemshwa muda mrefu sufuria ikiwa wazi. Nilitwanga saa tatu usiku mpaka jirani wa chini akagonga ukuta. Tulipakua saa tano na nusu. Watoto walikuwa wamelala, na mume wangu alikula amefumba macho, sijui kwa usingizi au kwa kuomba.

Jumatano ikawa mbaya zaidi. Maharage sikuyaloweka. Gesi ikaisha katikati, mkaa ukawa umenyeshewa mvua, nami nikayaunga hivyo hivyo, yakiwa bado yanagoma chini ya jino. Maharage mekundu yasiyoiva vizuri yana kitu kinachochafua tumbo, hilo nililijua baadaye. Usiku ule foleni ya choo ilishinda ya Ubungo. Asubuhi yake ratiba ilikuwa imeshuka chini ya friji, na nani aliyeitoa hajulikani mpaka leo.

Ijumaa muuza chipsi aliponiona akatabasamu. "Dada, ulisafiri?"

* * *

Oktoba mama akaja kutoka Muheza kutibiwa macho. Alikusudia kukaa wiki mbili, akakaa mwezi na nusu.

Usiku wa kwanza niliingia na mfuko wa rambo. Mama alitandaza khanga yake vizuri mapajani, akachukua chipsi mbili, akazila polepole, kisha akaisogeza sahani kwa mjukuu wake. "Hiki ndicho chajio?" aliuliza. Hakuuliza kwa kejeli. Aliuliza kama mgeni anayetaka kujua desturi za mji.

Kesho yake nilipoamka saa kumi na nusu alfajiri nilimkuta jikoni, amekaa kwenye kigoda, ungo mapajani. Kumbe usiku, sote tulipokwenda kulala, alikuwa ameloweka maharage. Sasa anachambua ya kesho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Una chupa ngapi za chai?"

Nilikuwa nazo mbili, na moja ilikuwa ile kubwa ya mdomo mpana tuliyokuwa tukiwekea uji. Mama akamwaga maji ya kulowekea, akayachemsha maharage kwa maji mapya, moto mkali, yakatokota robo saa nzima. Akayamimina chupani pamoja na maji yake yanayochemka, akafunga kifuniko kwa nguvu, akaifunika chupa kwa blanketi kuukuu la mtoto. "Nenda kazini," akasema.

Jioni nilifungua chupa ile nikiwa na mashaka yangu yote ya mjini. Yalikuwa yamevimba, laini, mazima. Kilichobaki kilikuwa kuyatia tena moto, kitunguu, nyanya, tui jepesi, basi. Kwa dakika 25 watu walikuwa wananawa mikono.

"Chakula cha usiku hakipikwi usiku," mama akasema. "Usiku unamalizia tu."

Nikacheka, na katika kucheka nikatamka neno ambalo bado linanirudia. "Lakini mama, wewe ulikuwa na muda."

Aliweka kijiko chini. "Nani alikuwa na muda?"

* * *

Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Hilo nililijua tangu nilipojua jina langu, na bado nilikuwa silijui. Alisimama mbele ya watoto zaidi ya hamsini kuanzia asubuhi. Mchana alipotoka alipitia shambani, mihogo chini ya michungwa. Jioni mbili za wiki alirudi tena darasani kufundisha elimu ya watu wazima, wazee wenye mikono ya jembe waliojifunza kuandika majina yao kwa mwanga wa karabai. Tulikuwa watoto watano. Na ilikuwa miaka ya foleni za dukani, 1983, 1984, sukari kwa mgawo, sabuni kwa bahati, na ule unga wa mahindi ya njano tuliouita yanga kwa rangi ya timu, tukaula hata wale wetu walioshabikia Simba.

Katika kumbukumbu yangu mama alikuwa jikoni siku zote. Kumbe nilikuwa namkumbuka saa zile tu alizokuwa nami.

Mwezi ule na nusu, kila jioni, nilimhoji kama mkaguzi wa hesabu. Naye akanifungulia vitabu. Alfajiri bibi yetu, mama yake baba, alikokea gogo la mchungwa uliozeeka, kuni inayowaka polepole, na chungu cha maharage au choroko kikakaa pale hadi adhuhuri bibi akikiangalia huku akisuka ukili. Kaka yangu mkubwa maji. Dada yangu mboga, mchunga na matembele nyuma ya nyumba, na alijua jani lipi ni la leo na lipi liachwe likue. Mimi nazi. Wadogo walichambua, wakiweka mawe huku na mchele huku, na kila jiwe lililofika mezani lilikuwa na mwenyewe. Karanga zilitwangwa mara moja kwa wiki. Alipopita na baiskeli yule muuza samaki wa kutoka Tanga, mama alinunua wa siku ile na wa kuanika, ng'onda, akiba ya siku ambayo baiskeli haitapita. Siku ya muhogo tulipika bada, na bada ikipikwa kisamvu hakikosi, maana mti ni mmoja, chini wanga, juu mboga.

Na usiku mmoja kila wiki hatukupika kabisa. Ndio niliokuwa nikiusubiri kuliko sikukuu. Viazi vitamu vilichemshwa na maganda yake, vikamwagwa kwenye sinia katikati ya mkeka, karanga za kukaanga pembeni, chai ya mchaichai kwenye birika. Tulimenya tukipuliza vidole. Mama alijilaza pale pale kwenye mkeka, kichwa juu ya mkono, akatutolea hadithi za sungura mpaka mwisho. Siku nyingine hadithi zilikatwa katikati na kazi. Usiku wa viazi zilifika mwisho.

Alipomaliza kunieleza niliuona ukweli ulivyokaa. Mama hakuwa na muda kuliko mimi. Alikuwa na mikono kuliko mimi: kumi ya watoto, miwili ya bibi. Na alikuwa na ratiba, ila haikuandikwa na mtu aliyetoka kulala mchana.

* * *

Baada ya mama kurudi Muheza nilichukua daftari la kaunta lililobaki kurasa za nyuma, nikaandika upya. Sikuanza na vyakula. Nilianza na uchovu. Jumatatu bado nina nguvu za Jumapili. Jumanne kuna kikao kinachoisha kwa kudra za Mungu. Alhamisi mguu hauinuki. Siku tano za mwisho wa mwezi, tunapofunga hesabu, nisitegemewe kwa lolote. Kisha ndipo nikaipa kila siku chakula kinacholingana na mtu atakayeingia mlangoni siku hiyo.

Ikatoka kanuni moja ambayo sijaiacha: mbichi mwanzo wa wiki, kavu mwisho wa wiki. Mchicha na matembele haviwezi kusubiri, basi ni vya Jumapili, Jumatatu na Jumanne. Kabichi, karoti, nyanya chungu na boga huvumilia, zikashika Jumatano. Alhamisi ikawa ya dagaa, choroko na karanga, vitu visivyojua siku. Dagaa wa Kigoma wakipatikana na mfuko ukiruhusu, wa Mwanza mfuko ukikataa, vichwa vimeshatolewa, wameshaoshwa na kukaushwa. Wana mifupa yao, na mifupa ile ndiyo faida yenyewe. Sembe tukaibadili kwa dona polepole, nusu kwa nusu kwanza, maana watoto walisema ugali umechafuka.

Jumamosi ilikuwa ya soko, Mabibo kwa ndizi na matunda. Jumapili jioni ilikuwa ya jiko. Kilo mbili za maharage zilichemshwa mpaka zikaiva, bila chumvi, zikapoa haraka kwenye masinia mapana, zikagawanywa kwenye makopo, zikaingia friza. Sufuria moja ya rojo, vitunguu, nyanya, karoti, hoho na tangawizi, mafuta vijiko vitatu ambavyo nilivipima kweli kweli, nayo ikagawanywa. Mchicha ulichambuliwa, haukuoshwa, ukafungwa kwenye kitambaa kikavu; ukiosha mchicha leo, kesho kutwa una uji. Makopo yalikuwa ya aiskrimu, na nakiri kwamba kuna mtoto aliyefungua kopo la vanila akakuta maharage, akalia kama aliyefiwa.

Ikabaki nazi. Mwenye kuikuna alikuwa mimi, na Jumapili jioni nilikuwa na sufuria tatu motoni. Nikamtazama mume wangu. Yeye ni mtu wa Singida.

"Huko kwetu," akasema, "mbuzi huchungwa. Hakaliwi."

Lakini alikaa. Alikaa vibaya, magoti juu kama panzi, na nazi ya kwanza ilitoka vipande vipande na ngozi ya kidole ndani yake. Jirani aliyekuja kuazima chumvi alimkuta katika hali hiyo. Akasimama mlangoni, akaweka mkono mdomoni. "Shemeji! Umelishwa nini?" Kila mtu alielewa anauliza limbwata.

"Nimelishwa chumvi kijiko kimoja kwa siku," mume wangu akajibu, bila kuinua kichwa. "Na wewe unayekuja kuazima, kwenu mnakula vingapi?"

Mtaa mzima ulijua kufikia Jumatatu. Lakini Jumapili iliyofuata alikaa tena, na ya mbele yake. Tui tulilifanya la mara mbili kwa wiki, jepesi, kwa sababu ya mafuta yake. Mtoto wa kwanza akapewa mboga, wa pili kuchambua. Dada wa nyumbani akawa anakuta kila kitu kimeshaandaliwa nusu, anabandika saa kumi na mbili, naye akaacha kuonekana mtu asiyejua kazi. Alikaa nasi miaka minne. Sabasaba ya 2015 mume wangu alikwenda mwenyewe kwenye kiti cha kivulini. 134 kwa 86. Dawa zilifanya kazi yake, sitazinyima haki yake, lakini muuguzi alipouliza kuhusu chumvi ya mezani, safari hii alijibu yeye.

* * *

Nisijisifu nikapitiliza. Mwishoni mwa 2015 maji yalipungua kwenye mabwawa, umeme ukawa wa kuja na kuondoka, na wiki moja ulikatika Jumatatu jioni ukarudi Jumatano. Friza ilitoa harufu kabla haijatoa maji. Kilo mbili za maharage, rojo ya wiki nzima, samaki wawili, vyote shimoni. Nililia mbele ya ndoo ya takataka kwa jambo ambalo mtu wa nje angeliona ni maharage tu. Tangu hapo friza nikaipa chakula cha siku tatu, na mengine nikayarudisha kwa mama: chupa ya chai, dagaa, choroko, ambayo hata isipolowekwa huiva kabla hujamaliza kuoga.

Kisha ikaja Mei 2016, mabasi ya mwendokasi yakaanza. Sh 650, Kivukoni hadi Kimara Mwisho. Jioni ya kwanza basi lilipita Ubungo kama halijawahi kusikia jina hilo, nami kwa mazoea nikawa bado nimejiandaa kusimama. Kutoka Kimara nilichukua daladala hadi Temboni, nikaingia nyumbani saa kumi na mbili na nusu. Watoto walishtuka wakadhani nimefukuzwa kazi. Mwanga wa mwisho wa siku ulikuwa bado upo ukutani, sikuwahi kujua kwamba jioni hupiga pale juu ya sinki. Wiki ile tulikula matembele yaliyochumwa saa hiyo hiyo.

Nililifikiria jambo hilo sana. Miaka mitatu nilikuwa nimejilaumu kwa uvivu, kwa kukosa mpango, kwa kutokuwa kama mama. Halafu barabara ikafunguka, na katika siku moja nikawa mama bora bila kubadilika hata chembe. Baadaye mabasi yalijaa, foleni ikahamia vituoni, na saa zangu nyingine zikarudi zilikotoka. Lakini nilikuwa nimeshaona. Wanaotuandikia ushauri wa lishe wangeanza kwa kuuliza mtu anashuka kituoni saa ngapi.

Na mwisho wa mwezi tuliendelea kula chipsi. Iliandikwa kwenye daftari, kwa wino, siku moja: chipsi. Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, nilimwendea muuza chipsi nikiwa na kikapu cha ukindu alichonisukia mama, ndani yake kopo la aiskrimu. Akaliangalia kopo, akaniangalia mimi. "Dada, siku hizi unakuja kama mkaguzi." Akaniwekea kachumbari mara mbili.

* * *

Mwaka 2021 nilikwenda Muheza kumtazama mama. Macho yake yalikuwa yameanza tena kumsumbua, masikio yalikuwa mazima. Tulikaa barazani, machungwa ya msimu yakinukia mpaka barabarani, nikamwambia kwamba katika vyakula vyote alivyotupikia, ninachokikumbuka zaidi ni ule usiku wa viazi. Kwamba hata sasa nikishika kiazi cha moto nausikia mkeka. Kwamba nilidhani aliutenga usiku ule kwa ajili ya hadithi.

Mama alicheka mpaka khanga ikamdondoka begani.

"Usiku wa viazi," akasema, "nilikuwa hoi. Ndizo siku zilizofuata elimu ya watu wazima. Nilikuwa sina mkono wa kusonga ugali."

"Na hadithi je? Ulikuwa unajilaza kabisa, unatusimulia mpaka mwisho."

"Nilijilaza kwa kuwa miguu ilikuwa imegoma. Sasa nimeshalala pale, nyie mmenizunguka, ningefanya nini zaidi?"

Niliporudi Dar es Salaam nilifungua daftari la kaunta, nikaenda kwenye Alhamisi, siku ambayo mguu hauinuki. Nikakata dagaa, nikawahamishia Ijumaa. Nikaandika: viazi.

Alhamisi hiyo dada wa nyumbani alivichemsha na maganda yake. Nikatandika mkeka sebuleni, sinia katikati, karanga, birika la mchaichai. Wanangu wakubwa, ambao siku hizi wana simu zao na hasira zao, walikaa chini wakimenya na kupuliza vidole. Nikavua viatu. Nikajilaza kwenye mkeka, kichwa juu ya mkono, na kwa kuwa nilikuwa sina pa kwenda nikawaelezea ya babu yao na mbuzi wa Singida, yote, mpaka mwisho.

"Mama," mdogo akasema, "hii iwe kila wiki."

Nikasema sawa. Sababu sikumwambia. Naye atapata kituo chake cha kushukia.